Neno Alilotaka Kuuliza Bi Mwajuma Majini

Vijana wangu mliochukua kazi ya uinjilisti hapa Kibiti na kule delta, mmeniomba niwaandikie namna ya kubatiza kwenye maji mengi. Mmesema, mzee huyu kabatiza miaka na miaka na hajazamisha mtu, hebu atuachie ujuzi kabla hajasahau. Sifa hiyo naipokea nusu. Kuzamisha mtu kweli sijazamisha. Mengine nitawaambia humu humu, mnivumilie, maana yananitoka kwa shida.

Nianze na kanzu. Kanzu nyeupe za ubatizo zina tabia ya kuelea. Mtu akiingia majini nguo inafura na kupanda mpaka kifuani, na ukingoni kijiji kizima kimekuja kutazama. Mke wangu alikuwa anashona kokoto ndogo ndogo kwenye pindo, kanzu inatulia kama mtu mzima. Nimeona ninyi mmezitoa, eti zinachakaza mashine ya kufulia. Zirudisheni.

Kingine, kichwa cha mtu kielekee upande mkondo unakotoka. Ukimlaza hivyo, maji yenyewe yanakusaidia kumwinua. Ukimgeuza, utapambana na mtu mzima aliyejaa maji puani huku kwaya inaimba. Mwambieni akunje magoti, wala asile ugali asubuhi ile. Mimi nilipata fundi seremala wa Ikwiriri, Fundi Yona, mtu mwenye mwili wake, alikula akashiba "nisije nikaishiwa nguvu, Mwalimu." Alinipeleka chini yeye. Tuliibuka wote wawili, na watu mpaka leo wanabisha ni nani aliyembatiza mwenzie.

Kule Utete, mtoni, hatukuingia bila uzio wa miti, kwa ajili ya mamba. Na hata kwa uzio, kabla ya wimbo wa kwanza tulipiga maji kwa upondo wa mtumbwi. Tulikuwa na mzee mmoja wa kanisa ambaye sala zake zilichosha hata wacha Mungu. Siku moja tukaona kitu kama gogo ng'ambo ya pili, na gogo likahama. Alisali maneno manne na amina. Kule Chumbi tulibatiza kwenye bwawa la mashamba ya mpunga, watu wakiingia weupe na kutoka rangi ya udongo, na majirani zetu Waislamu wakatutania kwamba dini yenu inachafua. Tulicheka nao. Utani huo msiupoteze, ndio uliotufanya tukae vizuri nao miaka yote.

Siku hizi mna kisima chenu cha saruji nyuma ya kanisa, na maji ya bomba, na masomo mnayatuma kwenye simu. Kijana mmoja wenu aliniambia kwa fahari, "Mzee, sasa hivi tunabatiza fasta." Nilitabasamu, nikarudi nyumbani, chakula cha mchana kikanishinda. Ndiyo sababu naandika.

Nilipofika Kibiti nikitokea kwetu Masasi, nilikabidhiwa kwa Mzee Ezekieli, mwinjilisti wa kwanza wa eneo hili. Alikuwa mwembamba, mpole, na asiye na haraka kuliko mtu yeyote niliyepata kufanya naye kazi. Mtu akija kuomba ubatizo, mimi nilikuwa nakimbilia daftari. Yeye alikuwa anatandika mkeka. Anaketi na yule mtu, wanabangua korosho, na kitambo kirefu kikipita anamuuliza, "Ukishabatizwa, nyumbani kwenu asubuhi yake kitakuwa kigumu nini?" Halafu ananyamaza. Yaani ananyamaza mpaka mimi natokwa na jasho.

Na kama mtu ametoka nyumba ya Kiislamu, na huku wengi hutoka huko, alikuwa na desturi yake. Kabla ya ubatizo anakwenda naye kwa wazazi wake, mchana kweupe, anavua viatu, anakunywa chai, na yule mtu anawaambia wazazi kwa kinywa chake mwenyewe. "Hatumwibi mtu wa watu," alikuwa ananiambia tukirudi. "Akishindwa kusema mbele ya mama yake, majini atasema kitu gani?" Mara nyingine mtu alisema. Mara nyingine alilia, akaomba tungoje, na Mzee Ezekieli alingoja. Kuna mmoja alimngoja mpaka nikaanza kuona haya kwa niaba ya kanisa.

Mimi niliona ni uzembe wa uzee. Alipostaafu nikashika kazi mwenyewe, nikaweka mkeka kando. Nikaleta kitabu cha maswali, thelathini na tatu, na majibu yake. Watu walikariri kama watoto wa darasa la kwanza. Yule yule Fundi Yona, siku ya mtihani, nilitaka kufupisha nikaruka swali la Mitume ni wangapi. Nikamuuliza linalofuata, "Kwa nini unataka kubatizwa?" Akajibu kwa sauti ya kujiamini, "Kumi na wawili."

Darasa zima liliangua kicheko, na mimi nilicheka kuliko wote. Kisha nikamwandika amefaulu. Miaka mingi nimesimulia kisa hicho harusini na kwenye mikutano, na watu wanashika mbavu. Sikuwahi kujiuliza kinamcheka nani.

Sasa nije kwa Bi Mwajuma. Kijiji chake sikitaji, maana wenyewe wapo hai na delta ni ndogo kwa maneno. Ni kijiji cha mikoko, unafika kwa boti. Bi Mwajuma alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ameachika, anakaa na mama yake, Bi Hadija, na anakaanga maandazi pale boti zinapotia nanga. Kila mwezi nilikuwa nakwenda kufundisha familia chache za walimu, wauguzi na wafugaji waliohamia. Tulikutana chini ya paa la makuti jirani na jiko lake. Alisikiliza kwa mbali zaidi ya mwaka. Siku moja alifunika karai, akanawa mikono, akaja kuketi nyuma.

Watu walisema kuna mwanamume nyuma yake. Hakuwepo. Walisema anataka msaada wa kanisa. Sisi ndio tuliokuwa tunakula maandazi yake. Alichokuja kutafuta alikuja kukitafuta kweli, na ningemtandikia mkeka ningekijua mapema. Lakini mimi alinichosha, kwa sababu alikuwa anauliza.

Nilifundisha habari ya mwanamke Msamaria, yule aliyeongea na Yesu kisimani akaacha mtungi wake akakimbilia mjini. Wenzie wote wakaitikia jibu la kitabuni. Bi Mwajuma akainua mkono.

"Mwalimu, huyo bibi mtungi kauacha kisimani?"

"Ndiyo, kauacha."

"Basi mama yake nyumbani kapelekewa maji na nani?"

Darasa likacheka. Mimi nikamwambia, "Bi Mwajuma, hilo halimo kwenye kitabu." Akasema, "Haya, Mwalimu," akatazama miguu yake. Mtu mzima aliyekuwa anajiuliza, nikimfuata huyu Bwana mama yangu atabaki na nani, mimi nikamjibu hivyo. Yale maswali yangu thelathini na tatu yote hayakuwa na moja lenye uzito wake. Niliona maswali ni dalili ya shaka. Waliokaa kimya ndio niliowaita wameelewa.

Kwa mama yake sikwenda. Sababu nilikuwa nazo tele: boti, muda, mama mwenyewe mtu wa swala tano, kwa nini nikamchokoze. Ukweli ni kwamba nilimwogopa Bi Hadija. Nilijua Mzee Ezekieli angekwenda.

Siku ya ubatizo tulikuwa na watu sita. Kutoka makao makuu yetu alikuja mchungaji mgeni na kamera yake, na mimi nilishamwandikia kabla kwamba watabatizwa sita. Tulichagua siku ya bamvua, kwa kuwa wakati huo maji hujaa sana na kijito kinakuwa na kina cha kutosha. Lakini bamvua ina ubaya wake. Maji yakianza kutoka, yanatoka mbio, na ukichelewa boti inakalia tope mpaka yarudi tena. Kwa hiyo tangu asubuhi nilikuwa na jicho moja kwa watu na jicho moja kwenye mizizi ya mikoko.

Mgeni alihubiri. Akahubiri tena. Tulipoingia majini, mizizi ilikuwa imeshaanza kuonekana, na nahodha wa boti ananipigia miluzi. Nikabatiza mmoja, wawili, watatu, wote vizuri, kichwa kwenye mkondo, kanzu zimetulia. Wa mwisho alikuwa Bi Mwajuma.

Alipofika kwangu hakunitazama. Alikuwa anatazama ukingoni. Nikageuka, nikamwona Bi Hadija. Alikuwa amekuja mwenyewe, amejitanda kanga yake, amesimama mbele ya watu wote, miguu yake inagusa maji. Hakusema neno wala hakukunja uso. Alisimama tu anamtazama mwanawe.

Nikauliza, "Bi Mwajuma, unaamini kwa moyo wako wote?"

Akasema, "Mwalimu, nina neno nataka kuuliza kwanza."

"Utauliza tukimaliza."

"Ni neno dogo, Mwalimu. Ningoje kidogo."

"Bi Mwajuma, maji yanatoka. Sema naamini."

Akamtazama mama yake tena, akanitazama mimi. Akasema, "Naamini." Nikamshika, nikamlaza, nikamwinua. Kwaya ikaimba. Mgeni akapiga picha. Nilipogeuka tena Bi Hadija alikuwa anaondoka, nikaona mgongo tu.

Tukakimbilia boti, tukawahi. Nakumbuka mchungaji mgeni alinipongeza kwa kwenda na wakati, na mimi nilifurahi. Hilo neno dogo sikulirudia. Mwezi uliofuata nilikuwa nimelisahau, na yeye hakulitaja.

Miaka ikapita. Bi Mwajuma alikuwa muumini mzuri kuliko wengi. Hakukosa ibada, hakusengenya, alinitunzia maandazi mawili ya moto kila nilipofika. Nilimtaja kama mfano. Kwa mama yake aliendelea kukaa, wanapika pamoja, wanakula sahani moja. Mimi nikajiambia, unaona, hakuna lililoharibika.

Kisha nikafika kijijini siku moja nikakuta karai limefunikwa na jiko halina moto. Bi Hadija amefariki alfajiri. Nikaenda kuhani. Wanaume walikuwa wamekaa nje kwenye mikeka, wakanisogezea nafasi, kwa ukarimu wao wa siku zote. Ndani wanawake walikuwa wanajiandaa kumwosha marehemu.

Nikamwona Bi Mwajuma anatoka kisimani na ndoo. Alifika mlangoni, akasimama, mkono ukatokea ndani ukapokea ndoo. Akarudi kisimani. Akaja na nyingine, akasimama mlangoni, mkono ukapokea. Mara ya tatu akatoka mama yake mdogo, Bi Zuhura, mwanamke wa makamo, macho yamevimba kwa kulia. Nilikuwa karibu, nilisikia.

"Mwanangu, sisi hatukufukuzi," Bi Zuhura alisema, amemshika mikono yote miwili. "Wallahi hatukufukuzi. Huyu ni mama yako na hapa ni kwenu. Lakini kumwosha ni ibada yetu, anaoshwa na Waislamu wenzie. Wewe tuletee maji. Na hilo lina heshima yake."

"Haya, mama," alisema Bi Mwajuma, na akaenda kuleta maji.

Hakuna aliyemkosea, nataka mlijue hilo. Bi Zuhura alisema kwa upendo na alisema haki yake. Mazishi yakafanyika jioni ile ile. Watu walipotawanyika nikamfuata Bi Mwajuma pale kisimani. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kanga imelowa kiunoni. Nikaanza maneno yetu ya kazini, pole, Bwana ametoa, Bwana ametwaa. Aliniacha nimalize.

"Lile neno, Mwalimu," akasema. "Siku ile majini. Nilitaka kukuuliza hili. Mama akifa, nitamwosha?"

Nikauliza swali la kijinga, ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona aibu. "Na ningekwambia hutamwosha, ungekataa ubatizo?"

"Sijui," akasema. "Hukuniacha nijue."

Baada ya hapo hakuja kanisani. Kurudi msikitini hakurudi pia. Nilituma watu, wazee wa kanisa wakaenda, mke wangu akaenda. Aliwapa maandazi, akawauliza habari za watoto, akawasindikiza mpaka botini. Mimi nilijidai nina kazi nyingi, nikaanza kupitia vijiji vingine. Nimestaafu nikiwa bado namkwepa mwanamke mmoja muuza maandazi.

Mwaka huu, masika yalipokwisha, nikamwambia mke wangu nakwenda. Nikachagua siku ya bamvua makusudi. Nilimkuta pale pale, nywele zimeingia mvi, karai jipya. Nikamwamkia, akanipa kigoda.

"Leo umekuja na nini, Mwalimu? Kitabu?"

"Nimekuja mikono mitupu, Bi Mwajuma. Nimekuja kuomba radhi. Nilikunyima kuuliza."

Akageuza maandazi yake. Akamimina chai vikombe viwili. Tukanywa. Nahodha akaanza kupiga miluzi, maana maji yalikuwa yanatoka, na mizizi ya mikoko imeanza kuonekana.

"Boti yako hiyo," akasema.

"Iache iende."

Alicheka, kwa mara ya kwanza. "Umezeeka kweli." Akapunguza moto, akafuta mikono, akaketi mbele yangu. "Haya. Niulize tena. Lile la siku ile."

Nikauliza taratibu, "Bi Mwajuma, unaamini kwa moyo wako wote?"

Hakujibu. Na mimi, kwa mara ya kwanza katika kazi yangu, nikanyamaza kama Mzee Ezekieli. Maji yakashuka, tope likajitokeza, kaa wakatoka mashimoni mwao na kuanza kutembea. Boti ilikuwa imeshapotea kwenye kona ya mto. Watoto wawili wakaja kununua maandazi, akawapa, akarudi kuketi.

"Naamini," akasema mwishowe. "Na siku ile ningesema hivyo hivyo, Mwalimu. Usijitese kwa hilo. Yule Bwana wa kisimani nilimpenda tangu siku ya kwanza." Akatazama pale ukingoni. "Ila ningemuaga mama kwanza. Alikuja pale aniulize, nami nilikuwa sijamwambia lolote kwa kinywa changu. Kasikia kwa watu. Ningetoka majini, nikamwambia, mama, nakwenda huku, na ukifa sitakuosha, nipe radhi yako. Angelia. Lakini angenipa, namjua. Miaka yote tukakaa nyumba moja, tunakula sahani moja, na neno hilo hakuna aliyelianza. Siku ile ndiyo ilikuwa siku yake."

Nililia, vijana wangu, mbele ya karai la maandazi, mzee mzima. Hakunibembeleza. Aliniongezea chai.

Nilikaa pale mpaka maji yakarudi. Ni muda wa saa sita. Nilizihesabu, na sikuwa na kazi nyingine ya kufanya. Ndio muda wote niliokuwa naukimbia siku ile. Tungemngoja Bi Mwajuma, boti ingekalia tope, mchungaji mgeni angenuna kidogo, tungekula maandazi, watu wangesimuliana hadithi. Na maji yangerudi yenyewe, kama yalivyorudi kesho yake na kila siku tangu hapo, na tungekwenda nyumbani.